Katamarani ya mwendo kasi au boti ya V? Tuko Nungwi, pesa ipo, kura zimegongana

Mtu wa Leven (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni watatu, tunapeleka wageni kuvua na kuzamia hapa Nungwi, Zanzibar. Miaka minne tumekodi boti za watu, na kila msimu ukiisha tunahesabu faida tunaikuta imeishia kwa mwenye boti. Safari hii tumejikusanya tununue chombo chetu.

Vimebaki viwili, vyote mtumba, vyote faiba.

Kimoja ni katamarani, futi 31, imetoka Dubai, miguu miwili myembamba yenye omo (pua ya mbele) kama visu na handaki katikati. Mashine mbili za farasi 250. Mwenyewe anaapa inakwenda noti 55 (noti za baharini, yaani maili za baharini kwa saa; zile za benki ndizo zinazotutoa jasho).

Kingine ni boti ya V, ile V kali, tumbo limechongoka kama herufi V, futi 28, mashine mbili za farasi 150. Inafika noti 36 ikiwa tupu. Sura imechoka, viti vimechanika, lakini mashine zina saa chache.

Kazi yetu: watu 8 hadi 10 na mabaharia juu yake, siku za kuzamia tunaongeza mitungi. Tunakwenda kisiwa cha Mnemba na Leven Bank (kilima cha chini ya bahari), na mara moja moja tunavuka hadi Pemba. Mwenzangu mmoja anataka katamarani hata kesho asubuhi. Mwingine anasema V au tugawane pesa zetu kila mtu aende zake. Kura ya tatu ni yangu. Nipeni hoja, matusi nitayapata nyumbani.

Kiti Cha Mbele

Naweka kiti. Nikisinzia mniamshe.

Chuo cha Mtaa

Noti 55 mnakimbizwa na nani? Mgeni kalipia nusu siku. Ukimfikisha Leven kabla chai haijapoa, masaa yaliyobaki utamwonyesha nini?

Ghuba Pwani

Salaam kutoka Muscat. Sheikh, usipige kura kabla hujajibu: katamarani ya aina gani? Jina ni moja, wanyama ni wawili.

Kuna katamarani ya kazi. Miguu yake minene, inabeba, na handaki liko juu sana ya maji. Waafrika Kusini wanazo kwa wingi, wanazishusha kutoka mchangani na kupita mawimbi yanayovunja pwani ya KwaZulu-Natal. Wamarekani nao wanazo, Freeman za South Carolina ni za ukoo huo, wavuvi wa bahari kuu wanazipenda.

Halafu kuna katamarani ya mbio. Hii haikuundwa kubeba, imeundwa kuruka bila kuacha maji. Hewa inaingia kwa mbele, inabanwa ndani ya handaki, inanyanyua bodi. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo hewa inavyochukua uzito zaidi na maji yanavyogusa kidogo. Ndiyo maana kwa mashine zile zile inaiacha V mbali. Mwaka 2014 moja iitwayo Spirit of Qatar ilipita maili 244 kwa saa kwenye ziwa la Ozarks huko Missouri. Ziwa, sheikh, nasisitiza. Si Leven.

Kuitambua ni rahisi. Inama utazame ukuta wa ndani wa kila mguu. Ukiwa umesimama wima kama ukuta wa nyumba na mteremko wote uko upande wa nje, mara nyingi ni ya mbio. Mguu ukiwa na mteremko pande zote mbili, mara nyingi ni ya kazi.

Mtu wa Leven (mleta uzi)

Ghuba, nimetoka kuinama sasa hivi, mlinzi kadhani nimeangusha simu. Ukuta wa ndani umesimama wima. Na handaki ni fupi, nikiweka ndoo ya lita 20 chini yake inakwama.

Ghuba Pwani

Basi umeshajijibu nusu.

Kijana wa Mabati

Wazee mnaogopa mwendo tu. Boti za abiria za Azam, zile Kilimanjaro, si katamarani? Si zinavuka Dar na Unguja kila siku na watu mamia? Mbona hamwambii Azam anunue V?

Nahodha Kitambo

Mwanangu, Kilimanjaro zina zaidi ya mita 35 na zimeundwa Tasmania kwa kazi hiyo hiyo. Wimbi linalokutosa wewe hapo Nungwi linapita ndani ya handaki lao halijagusa dari. Futi 31 ni mita tisa na ushei. Unalinganisha lori na bajaji kwa sababu zote zina matairi.

Na wewe Mtu wa Leven, nikwambie nililoliona kwa miaka niliyoendesha vyombo upande huo. Leven Bank iko kaskazini yako. Msimu wa kusi unatoka asubuhi upepo haujaamka, unakusukuma mgongoni, kila boti duniani ni nzuri. Wageni wanacheka, wanapiga picha. Shida ni saa saba mchana mnaporudi. Kusi imeshika, unarudi nayo usoni mpaka nyumbani, wimbi juu ya wimbi, na wageni wamechoka na wengine wamekula. Hapo hutakwenda noti 55, wala 35. Utakwenda 14, ukijitahidi 16.

Swali la kumwuliza kila muuzaji ni hilo: kwenye noti 14, kwa uzito kamili, upepo wa omo, boti hii inafanyaje?

V kali inafanya hivi: inakata. Inakurowesha, inapanda, inashuka, lakini inashuka kwa ncha na maji yanaachana pande mbili polepole. Katamarani ya mbio kwenye noti 14 haina hewa ya kuibeba tena. Imezama kwenye miguu yake myembamba, handaki limekaribia maji, wimbi linaingia kwa mbele halina pa kutokea, linapiga dari. Pa! Kofi moja kila wimbi. Ukiongeza gesi upate hewa, inatulia kweli, lakini sasa uko noti 30 kwenye bahari hiyo na watu kumi ambao hawajafungwa mikanda. Ukipunguza, makofi. Yaani chombo kinakulazimisha uchague kati ya kuumia na kuogopa.

Chuo cha Mtaa

Kiti kisichokuketisha 😂

Mshimoni

Hamjambo wa Unguja. Mimi ni wa upande huu wa Shimoni, Kenya, tunavua mlango uo huo wa bahari wa Pemba, maji mamia ya mita chini yako. Nahodha kasema kweli, ila naona mnamtisha kijana kwa kusi peke yake. Kusi wageni wa kuvua ni haba, na siku mbaya hutoki.

Kazi ya pesa ni kaskazi, Disemba mpaka Machi, samaki wa mdomo mrefu wapo na wageni wapo. Na kaskazi ina lake. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo wanakwenda njia moja, mawimbi makubwa lakini yamelala. Kaskazi ikivuma, upepo unakuja mkondo unakwenda, wanagombana. Mawimbi hayawi marefu, yanasimama, mafupi, yamekaribiana kama ngazi. Waweza kuwa na upepo wa kawaida tu na bahari ikawa chafu.

Kwenye ngazi hizo fupi ndipo boti ya futi 28 na ya futi 31 zinapojulikana. Nisikize kakangu: usiende kuijaribu siku ya maji mafu (yanayopanda na kushuka kidogo) asubuhi. Kila muuzaji wa boti anajua kusoma jedwali la maji.

Binti Mitungi

Haya na mimi niseme maana naona mnaizika katamarani ikiwa hai.

Nimefanya kazi ya kuzamisha wageni kwenye boti za aina zote mbili, ile katamarani ya kazi na V. Asilimia kubwa ya siku ya mzamiaji boti HAIENDI. Imesimama. Watu wanavaa mitungi, wanatambaa na mapezi, mmoja anatafuta barakoa yake, mwingine anapanda ngazi na kilo 20 mgongoni. Hapo V kali ni adhabu. Ile pembe inayokata mawimbi ndiyo ile ile inayoifanya ilale kushoto, ilale kulia, mrama juu ya mrama. Mtu hata hajaingia majini kashatapika, na akitapika mmoja wanafuata watatu. Katamarani inakaa kama ngalawa, imejishika pande mbili. Wazee wetu waliziwekea ngalawa matengo mawili wakijua wanachofanya.

Pia kutua. Maji yakitoka hapo Nungwi, bamvua (maji makubwa ya mwezi) likiwa kamili yanashuka karibu mita nne, V inalala ubavu. Katamarani inakaa kwa miguu yake, unafagia, unaosha, unaendelea na maisha.

Kwa hiyo Leven, ungekuwa umeletewa katamarani ya kazi ningesema chukua, usiulize mtu. Hii ya Dubai ndiyo tatizo. Tafuta nyingine.

Mtu wa Leven (mleta uzi)

Binti Mitungi, umenigusa hapo kwenye kutapika. Juni tulirudisha nusu ya pesa kwa familia moja.

Katamarani ya kazi tumeitafuta, tuliyoipata bei yake ni mara mbili ya hizi. Hatufiki.

Kijana wa Mabati

Mimi bado sijaelewa hatari iko wapi. Kama ni makofi, fungua gesi. Zimeundwa kukimbia, zikimbizwe.

Ghuba Pwani

Hatari iko kwenye hewa hiyo hiyo inayokusaidia. Handaki linakamata upepo. Omo ikinyanyuka kidogo zaidi, kwa wimbi au kwa kusahau kushusha mashine, upepo unaingia chini na boti inapinduka kinyumenyume. Mwaka 1990 Stefano Casiraghi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za boti za bahari, hakuwa mgeni wa chombo. Katamarani yake ilibinuka karibu na Monaco akafariki. Baada ya hapo mbio hizo zikabadilika, madereva wakafungiwa ndani ya vibanda vya kioo kama marubani. Wageni wako watakaa wapi? Kwenye mto wa sponji.

Na kukata kona. V ikikata kona inalala kwa ndani, kama pikipiki, mwili wako unabanwa kwenye kiti. Katamarani inakata ikiwa bapa. Boti inageuka, wewe unaendelea mbele. Dereva aliyezoea V, siku ya kwanza kwenye katamarani, akikwepa nyavu kwa ghafla anaweza kubaki na boti bila wageni. Kamba ya kuzima mashine dereva akianguka ifungwe mkononi mwake kila siku, hiyo hata kwenye V.

Halafu mjue V kali nayo haikuja kwa bahati. C. Raymond Hunt aliichora, na mwaka 1960 Dick Bertram akaingia na Moppie, bodi ya Hunt, kwenye mbio za Miami hadi Nassau. Bahari siku hiyo ilichafuka. Boti zenye tumbo bapa zilikuwa zinapigwa, Moppie ikashinda. Ingekuwa bahari shwari, pengine leo hatuizungumzi V.

Fundi Faiba

Nimechelewa, nilikuwa chini ya boti ya mtu.

Mmezungumza maji, mimi nizungumze bodi. Mtumba ni mtumba, umbo zuri lililooza ni kuni.

Katamarani: kazi yake yote mbaya iko pale dari ya handaki inapokutana na ukuta wa mguu. Miguu miwili kila mmoja unataka kwenda na wimbi lake, boti inajinyonga, na mnyongo unaishia kwenye kona hiyo. Lala chali chini yake na tochi. Tafuta nyufa zinazofuata kona kwa urefu, siyo zile za rangi kama utando wa buibui. Ukiona kona imepakwa rangi mpya na kwingine kuna rangi ya zamani, uliza kwa upole halafu ondoka.

V: piga sakafu na ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, tumia nyundo ya plastiki au hata mpini wa bisibisi. Faiba nzima inalia kavu, tak tak. Mahali palipolowa pana sauti ya boga. Zamani ndani ya ule ubao waliweka mbao, na kila tundu la bolti la ngazi au la kipimio cha samaki lililotobolewa bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji. Simama juu ya mkia wa mashine ikiwa imeinuliwa, uruke kidogo. Ubao ukitikisika, punguza bei au acha.

Na hizo mashine. Farasi 150 ya stroki nne ikifunguliwa yote inakunywa kiasi cha lita 55 kwa saa, ya 250 inakaribia 95. Zidisha mara mbili kwa sababu ni mbili. Najua hamtazifungua zote siku nzima, katamarani ikiruka kweli inakula kidogo kwa kila kilomita, lakini mkirudi noti 14 ile faida ya hewa haipo, na kubwa zinaendelea kunywa kikubwa. Huku petroli tunanunua kwa dumu, si kwa maneno.

Kutua kwa V siyo kesi, Binti Mitungi. Gadi nne (miti ya kuegemeza boti) na mtu mmoja mwenye akili. Majahazi hapo Nungwi yamesimama juu ya gadi tangu babu zetu.

Binti Mitungi

Gadi sawa, fundi. Huyo mmoja mwenye akili ndiye adimu.

Mama Mwani

Mimi si wa boti, nalima mwani. Naomba tu mkinunua ya noti 55 msipite karibu na kamba zetu. Asanteni.

Nahodha Kitambo

Leven, waambie wenye boti unataka kuzijaribu zote siku moja, bahari moja. Bamvua, mchana, siyo asubuhi. Weka uzito wa kweli. Akikataa mmoja, huyo ameshakusaidia.

Mtu wa Leven (mleta uzi): MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Tumejaribu.

Wote wawili walikubali, ila wa katamarani alitaka tuanze saa moja asubuhi. Tukasema sawa, tutaanza saa moja na tutamaliza jioni. Uzito tuliuweka kwa madumu ya lita 20 yaliyojaa maji: madumu manne kwa kila mgeni, tukahesabu wageni wanane. Madumu 32. Majirani wakadhani tunahama na kisima.

Asubuhi, katamarani. Sitawadanganya, nilikuwa nimeshapiga kura moyoni. Kusi haijaamka, tuliingia noti 38 na madumu yote, ilikuwa kama inateleza juu ya sabuni. Mwenzangu wa katamarani alikuwa anaimba. Nikakumbuka Nahodha kasema kila boti ni nzuri ukisukumwa mgongoni, nikajikaza nisiseme kitu.

Tulisimama Leven mpaka mchana. Imetulia, nilimimina chai kwenye kikombe na haikumwagika. Binti Mitungi, hapo uko sahihi mia kwa mia.

Kurudi. Saa saba na robo, upepo wa omo. Noti 25 ikawa haivumiliki, 20 haivumiliki, kwenye 15 ndipo makofi yakaanza. Nilisoma hapa neno kofi nikadhani ni utani. Ni kofi. Unalisikia kwenye meno. Madumu yaliyokuwa mbele yalipasuka mawili, maji ya kunywa yakachanganyika na ya chumvi. Mwenye boti akasema, "Ongeza gesi itulie." Tukaongeza, kweli ikatulia, halafu ikaruka wimbi moja ikakaa hewani muda ambao mimi niliona mrefu. Mwenzangu aliyekuwa anaimba akashika bomba kwa mikono miwili na hakuimba tena. Hakuna aliyeumia.

Mchana huo huo tukahamisha madumu 30 kwenye V. Kwenda, ilikuwa inasukasuka mkia kila wimbi la nyuma linapoipita, dereva ana kazi kweli kwenye usukani. Kusimama Leven, mrama mtupu. Nimevua tangu mtoto, nikakaa chini. Kijana wetu mmoja alilisha samaki. Kurudi, noti 15, tumelowa mpaka mifukoni, simu yangu imekufa. Lakini dumu hata moja halikupasuka, na kwa muda mrefu tulikuwa tunazungumza, tena kwa sauti ya kawaida.

Fundi Faiba, tulipiga ubao wa tezi. Unalia tak tak isipokuwa sehemu ya kiganja kimoja upande wa kulia, chini ya tundu la kipimio cha samaki kama ulivyosema. Tumepunguziwa bei kwa hilo. Kona za handaki la katamarani zilikuwa safi, nisimsingizie mtu.

Tumechukua V. Kura mbili kwa moja. Wa katamarani amesaini lakini anaita boti "dobi" kwa jinsi inavyowalowesha watu, na naona jina linataka kushika. Siku za kuzamia tutakodi katamarani ya kazi kwa mwenye nayo mpaka tutakapoweza ya kwetu. Wenye mamlaka ya usafiri baharini wanakuja Jumatatu kuikagua kabla ya usajili, na viti vinashonwa.

Kijana wa Mabati

Na ile ya Dubai imeenda wapi? Bei yake imeshuka?

Mtu wa Leven (mleta uzi)

Bado ipo mchangani. Ukienda kuijaribu chukua madumu yetu, yamebaki 30.

Mshimoni

Hongera. Sasa gadi ni za mbao gani?

Fundi Faiba

Mkoko. Na uziweke magunia vichwani, usije ukaniita wiki ijayo.